Madamu wa Darasa la Jioni

Sie tuliosoma kwake Tabata hatukuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa Madamu, basi. Walimu wengine wa kike tuliwaita madamu fulani na madamu fulani ili ijulikane tunamsema nani, lakini yeye hakuhitaji nyongeza. Ukisikia mtu ananong'ona "Madamu huyo," ulichomekea shati kwanza, ukageuka baadaye.

Alikuwa mfupi, mkavu, na alivaa viatu vya raba ambavyo havikutoa sauti sakafuni. Alifundisha Kiswahili. Alikuwa kama mwalimu wa zamu hata wiki ambazo zamu haikuwa yake, kwa sababu asubuhi lazima umkute getini. Kengele ikilia, mlinzi alimtazama yeye, yeye akatikisa kichwa, geti likafungwa. Uliyebaki nje ulibaki nje mpaka gwaride liishe, na ukiingia alikwambia maneno yaleyale aliyomwambia wa jana: "Sikukufungia mie. Umejifungia mwenyewe ulipokuwa kitandani."

Siku moja aliyebaki nje alikuwa mkuu wa shule. Gari lake lilikuwa gereji, akaja kwa miguu, mkoba kwapani, akakuta geti limefungwa na sie wachelewaji tumejipanga ukutani. Akamwambia mlinzi afungue. Mlinzi akamtazama Madamu. Madamu alikuwa akitazama gwaride. Mkuu akasimama nasi pale, jasho linamtoka, akijifanya anatukagua kucha. Baadaye geti lilipofunguliwa Madamu alimwamkia vizuri kabisa, kisha akasema, "Mkuu, tulikusubiri." Yule mzee alicheka, ingawa kicheko chenyewe hakikufika machoni. Muhula ule hakuchelewa tena.

Ukimsimulia hivyo, mtu anaweza kudhani alikuwa mkatili. Hakuwa. Shule nzima fimbo zilitembea, yeye hakuwahi kushika hata moja. Na kuna jambo tuliliona kwa macho yetu ingawa hakuna aliyethubutu kulizungumza. Msichana mmoja wa darasa letu alifiwa na mama yake. Aliporudi shuleni walimu walimwambia pole, jikaze, soma kwa bidii, mama angependa hivyo. Madamu alipoingia hakusema kitu. Alituambia tusome kimya, akavuta kiti, akakaa karibu na yule msichana kipindi kizima, amefumbata mikono, anatazama mbele kama abiria anayesubiri. Kwa wiki kadhaa baada ya pale kengele ililia, mlinzi akamtazama Madamu, na Madamu hakutikisa kichwa mpaka yule msichana awe ameingia. Wengine nao waliponea hapohapo.

Nyumbani kwake kulikuwa Chanika, enzi zile ukisema Chanika watu wanakuuliza kama kuna umeme. Alijenga taratibu kwenye kiwanja chenye mihogo, akaishi na mdogo wake wa kike aliyekuwa mjane. Watu wengi wa mtaa ule walitoka kusini, yeye pia. Mkaka mmoja wa jirani aliniambia kwamba jioni za mpira Madamu alikuwaga mtu mwingine kabisa. Redio ilipandishwa juu ya dirisha, na yeye, ambaye duniani hakubishana na kanuni yoyote, alimtukana refa kwa sauti ya kusikika barabarani. "Huyu hajasoma! Nani kampa filimbi huyu?" Timu yake ikifungwa hakuongea mpaka kesho yake.

Nilikutana naye tena nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nafundisha shule ya binafsi Mbweni, na mwenye shule alikuwa ametuambia wazi kwamba asiye na masta asitegemee kupanda. Nikaomba chuo, masomo ya jioni, ili niweze kufanya kazi mchana. Siku ya kwanza niliwahi nikidhani nitakuwa wa mwanzo kufika. Nikamkuta mtu kakaa mstari wa mbele, kaupa mlango mgongo, na ule mgongo niliujua kabla sijaona uso.

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba." Akanitazama kidogo. "Wewe ulikuwa Fomu Tuu B. Ulikuwa unaandika 'hivyo' bila h."

"Ndiyo Madamu."

"Uliacha?"

"Niliacha."

"Haya, kaa."

Nikakaa, nyuma yake mstari mmoja. Nilimaliza muhula mzima siwezi kukaa sambamba naye.

Darasa letu lilikuwa la watu waliochoka. Kulikuwa na bwana mmoja wa benki ambaye alikuja na tai imelegezwa, na nesi mmoja ambaye alilala kwenye kila mhadhara na bado akafaulu kuliko mie. Madamu alikuwa mkubwa wetu sote, na kwa wahadhiri kadhaa pia. Alitoka Tabata moja kwa moja, amefundisha kutwa, na mkobani alikuwa na mihogo ya kuchemsha aliyoifunga vizuri na chumvi ya pilipili pembeni. Wakati wa mapumziko alitugawia, akisema mwanafunzi mwenye njaa hasikii. Yeye alikula ameupa ukumbi mgongo. Aliniambia hawezi kutafuna mbele ya mwalimu wake, hata kama mwalimu huyo ana umri wa kuwa mwanawe.

Nilimuuliza mara moja, tukisubiri mvua ikatike, kwa nini anajisumbua. Kupanda cheo hakukuwa na maana kubwa tena kwake, kustaafu hakukuwa mbali.

"Kuna maneno nimeyasikia tangu zamani," akasema. "Nataka yaandikwe kabla wenyewe hawajaisha."

Maneno yenyewe yalikuwa maneno ya msibani. Wale mabibi waliotoka kusini wakahamia pembezoni mwa Dar walikuwa na namna yao ya kumwambia mfiwa pole. Haikuwa pole sana, Mungu ndiye mpangaji, jikaze. Ilikuwa lugha yake kamili, ina mwanzo na mwisho, ina pa kunyamaza, na kila bibi alijua lini aseme na lini amwachie mwenzake. Watoto wao hawakuijua. Wajukuu waliandika "R.I.P." kwenye simu. Madamu alitaka kuiandikia tasnifu, na profesa mzee aliyekuwa msimamizi wake alilipenda jambo lile tangu siku ya kwanza. Alimwambia, nenda taratibu, hii kazi haitaki haraka.

Nilimsindikiza msiba mmoja Chanika. Kijana wa bodaboda alikuwa amegongwa na lori la mchanga. Tulikaa mkekani na akina mama, mama yake kijana kaegemea ukuta, macho makavu. Akaingia bibi mmoja, mwembamba, akakaa chini mbele yake bila kumshika. Alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani amesahau alichokuja kusema.

"Tumekuja kukaa," akasema. "Hatukuja kusema."

Mwingine nyuma yetu akaitikia, "Tumekuja kukaa."

"Ulichobeba ni kizito. Sie tumeshika pembeni tu."

"Pembeni tu."

"Ukichoka, usituambie. Tutaona."

Hapo ndipo yule mama alipolia. Mie nilishaingiza mkono mkobani natafuta simu, nirekodi. Madamu hakugeuka hata kunitazama. Aliukamata mkono wangu mlemle mkobani, akaubana, hakuuachia mpaka bibi yule aliponyanyuka.

Hivyo ndivyo alivyofanya utafiti wake. Msibani hakuandika neno. Alisubiri arobaini ipite, akarudi na sukari na majani ya chai, akakaa na mfiwa. Akiona bado, aliondoka bila kuuliza kitu, akarudi mwezi mwingine. Akiruhusiwa, ndipo alipowatafuta wale mabibi na kuwaomba waseme tena yale waliyosema, na kila mmoja alimwambia kwamba anakubali kwa sharti kwamba Madamu ayaandike, asiyachukue bure. Yeye aliahidi. Mwanamke aliyefunga geti usoni pa mkuu wa shule angeweza kumsubiri mfiwa mwaka mzima. Nilimwambia hivyo siku moja, kwa utani. Hakucheka. Alisema, "Anayechelewa shule ana shule ya kwenda. Huyu hana pa kwenda."

Tulikuwa tumemaliza masomo ya darasani na wengi tumeshaanza tasnifu wakati tangazo lilipobandikwa. Kwanza lilikuja kwenye grupu la wanafunzi, limepigwa picha likiwa limepinda, kila mtu anauliza ni kweli? Kisha tukaitwa ukumbini.

Aliyetusomea alikuwa mratibu wa shahada za uzamili, mtu mstaarabu, anapangusa miwani kila baada ya sentensi mbili. Chuo kimefanya mageuzi, akasema. Masta zilikuwa zinachukua muda mrefu mno, watu wanaandikishwa hawamalizi, na waajiri wanalalamika. Kwa hiyo masomo ya jioni yanafungwa, kila kitu kitakuwa mchana. Wanafunzi wa zamani wote wanahamishiwa mtaala mpya. Mwenye tasnifu atatakiwa kuikamilisha ndani ya mwaka wa masomo uliokuwa umeanza, na kabla haijasahihishwa awe na makala iliyokubaliwa na jarida. Asiyeweza atachagua masta isiyo na tasnifu, ya kusoma vipindi vya ziada na kufanya mitihani. Asiyefanya hili wala lile, jina lake litaondolewa.

Ukumbi ulichafuka. Bwana wa benki alisimama akasema sie tuliingia kwa mkataba wa jioni, mchana tuna kazi, hamuwezi kubadilisha kanuni mechi ikiwa katikati. Tuandike barua, tusaini wote, tuipeleke juu. Watu wakapiga meza. Nesi alikuwa analia waziwazi.

Madamu akanyoosha mkono. Alisubiri aruhusiwe, ingawa hakuna aliyekuwa anasubiri kuruhusiwa.

"Mie ni mwalimu," akasema. "Mtoto ukimwambia leta kazi siku yoyote, hailetwi. Humu ndani kuna watu niliowakuta na walionikuta, na wote bado hawajamaliza. Chuo kikisema mwisho ni hapa, ni haki yake. Kanuni ikiwa ngumu, unaamka mapema. Mie barua sitasaini."

Walimzomea. Watu wazima, wenye watoto, walimzomea mwanamke aliyewalisha mihogo. Alikaa, akaweka mikono juu ya meza. Mratibu alimshukuru kwa busara zake, na nadhani hilo ndilo lililomuuma, kwa maana alitazama chini. Barua iliandikwa bila yeye, ikasainiwa na karibu wote, mie nikiwamo, ikapelekwa. Haikujibiwa. Kwa hiyo sikuwahi kuona kwamba kukataa kwake kuliharibu kitu. Lakini bwana wa benki hakumsemesha tena, na muda si mrefu alihamishiwa tawi la mkoani, akaiacha masta yake hapohapo.

Profesa mzee hakuongezewa mkataba. Madamu akapewa msimamizi mpya, daktari kijana aliyetoka kusoma nje, na siku ya kukutana naye mara ya kwanza aliniomba nimsindikize. Nilikaa kwenye benchi nje, mlango uko wazi kwa ajili ya joto, nikasikia yote.

"Madamu, kazi yako ni nzuri sana," yule kijana alisema, na alimaanisha. "Tatizo ni njia yako. Kusubiri hivi hatuna muda. Nakushauri tutengeneze dodoso la mtandaoni, tuwasambazie waliofiwa, wanajaza kwenye simu. Wiki mbili umepata data ya kutosha."

"Nimtumie aliyefiwa dodoso?"

"Ndiyo njia ya haraka."

"Ajaze nini?"

"Aliambiwa maneno gani, alijisikiaje, kwa kipimo cha moja hadi tano."

"Mwanangu," Madamu akasema, "wewe umeshafiwa?"

"Baba. Mwaka jana." Sauti yake ilishuka. "Madamu, nina wanafunzi hata siwezi kuwakumbuka wote, na wote mwisho wao siku moja. Sikufungii mimi. Ni mwongozo."

Madamu alitoka akiwa ameshika mlango kama mtu anayetoka kwenye maji. Tukafika nje ya geti la chuo. Hapo akasimama, akavua saa, akaitazama, akaivaa tena.

Wengine tulijipanga. Nilichagua masta isiyo na tasnifu. Mwenye shule wangu, kwa kuwa alikitaka cheti kile kuliko nilivyokitaka mie, alinipangia vipindi vya asubuhi na mchana nikawa naenda chuo. Nilimshauri Madamu afanye kama mie. Vipindi vichache, mitihani, joho, imekwisha.

"Kile ni cheti cha kukaa darasani," akasema, bila kunitusi, alisema tu ilivyo. "Kukaa darasani nimekaa maisha yangu yote. Wale mabibi niliwaambia nitaandika."

Akaomba kazini ruhusa ya masomo, kwa kuwa sasa chuo kilimtaka mchana. Mkuu wa shule alikuwa mwingine, dada mmoja aliyewahi kufundisha chini yake. Alipeleka maombi mbele kwa mkono wake. Majibu hayakuja. Madamu akaanza kwenda chuo siku ambazo hakuwa na vipindi. Kisha akabadilishana vipindi na wenzake. Kisha ikaja siku msimamizi ana nafasi ya saa moja tu, asubuhi, na Fomu Foo wana Kiswahili saa hiyohiyo, na hakuna wa kubadilishana naye. Akaenda chuo.

Kesho yake aliingia ofisini kwa mkuu. Dada yule amenisimulia mwenyewe, mara mbili.

"Jana sikuwepo," Madamu alimwambia. "Sikuwa na ruhusa. Andika."

"Madamu, mie sikuona kitu. Kaa, tunywe chai."

"Watoto waliona. Walikaa hawana mwalimu."

"Nani ataniuliza?"

"Wakichelewa wao huwa naandika."

Yule dada hakuandika. Madamu akaandika mwenyewe kwenye daftari la mahudhurio. Ikawa mara ya pili, ya tatu, hadi ikawa jambo la kawaida, na kila mara aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, hayupo, bila ruhusa. Walipokuja wakaguzi hawakuhitaji kumtafuta mtu wa kumshitaki. Aliitwa mbele ya kamati. Aliulizwa kama ana la kujitetea, akasema kilichoandikwa ni kweli. Wakamwondoa kazini kwa utoro.

Utoro! Sie tuliosoma kwake tulipopata habari tulipigiana simu tukiulizana kama ni utani. Mmoja alitaka twende tukaonane na wakubwa, tukatafuta hata wakili. Madamu alipojua alikataa katakata. Alisema wakubwa hawajakosea. Lakini sauti yake haikuwa ile ya ukumbini. Ilikuwa ya mtu anayesoma kitu alichokariri zamani na ghafla anakisikia.

Nilikwenda Chanika kumwona. Alikuwa amezama kwenye kazi, makaratasi kila mahali, na mdogo wake alinipokea kwa uso wa kuniomba nifanye kitu. Madamu alikuwa ananyoosha makala ya jarida. Aliipeleka. Ilirudi baada ya miezi, na maoni ya mtu asiyejulikana yakisema aliohojiwa ni wachache na hakuna takwimu. Akaiandika upya, akaipeleka kwingine. Wakati huohuo mabibi walikuwa wanaondoka. Yule mwembamba aliyesema "tumekuja kukaa" alifariki kipindi kile cha mvua. Madamu alikwenda msibani kwake, na aliniambia kwamba walikaa mkekani, akina mama wote wa mtaa, wakasubiri mtu aanze. Walisubiri sana. Hakuna aliyejua zamu ni ya nani.

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nilikuwa na maneno yote," akasema. "Nimeyaandika kurasa na kurasa. Nikashindwa kufungua mdomo. Si yangu yale."

Jarida la pili lilikuwa halijajibu mwaka wa masomo ulipokwisha. Hakuna aliyempigia, hakuna aliyemwandikia. Siku moja alijaribu kuingia kwenye mfumo wa wanafunzi akaambiwa hakuna mtu wa namba hiyo. Akadhani amekosea, akaandika tena polepole. Alikwenda ofisini, kijana wa kompyuta akamtafuta kwa jina, kwa namba, kwa mwaka wa kuingia. "Mama, mfumo umeshajifunga," akamwambia. Wiki ya pili jarida likajibu. Limekubali. Alimpelekea msimamizi wake barua ile, na yule daktari kijana, nimeambiwa, alizunguka nayo ofisi hadi ofisi siku nzima, akarudi akamwambia Madamu samahani, akafunga mlango wake akalia. Sikuwahi kumchukia yule kijana.

Mie nilivaa joho mwaka uleule. Nilimwalika, akaja, kakaa na mama yangu, kanipigia makofi, kanipa khanga. Cheti kiko kabatini. Mwenye shule alikitazama, akakipongeza, na mshahara ukabaki vilevile, maana kufikia hapo kila aliyeomba kazi alikuwa na masta ya namna hiyo. Nesi hakumaliza. Darasa lile la jioni, tulioanza tumejaa hadi wengine wanasimama, tukiitana leo hatujazi mkeka mmoja.

Nilipotezana naye kwa muda. Mbweni na Chanika ni miji miwili, na ukweli ni kwamba kumtazama kulikuwa kunanichosha. Hakuwa analalamika. Angelalamika ingekuwa rahisi. Alilima bamia na mchicha, akafundisha watoto wa mtaa kusoma kwenye baraza lake, na geti hakuwa nalo, kila mtoto aliingia saa aliyotaka.

Kisha nikasikia chuo kimerudisha masomo ya jioni. Yamepewa jina jipya, la kuvutia, lakini ni yaleyale, watu waliotoka kazini, saa zilezile. Tangazo lilisema mageuzi ya awali yamefanyiwa tathmini. Na lile sharti la makala limelegezwa. Nililisoma mara kadhaa nikiwa ofisini, nikaona siwezi kumwambia kwa simu.

Nilimkuta barazani anachambua mchicha. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikae. Mdogo wake alituletea chai akatuachia faragha. Tuliongea ya watu, nani kaoa, nani kafa. Akina mama wa mtaa, aliniambia, siku hizi humwita kwenye kila msiba akaseme.

"Unasema?"

"Nasema. Wataka nifanyeje, wamekaa wananitazama." Akatupa bua uani. "Nikianza, hakuna wa kuitikia. Najiitikia mwenyewe."

Nikaona ndiyo nafasi. Nikamweleza habari ya chuo, haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Masomo ya jioni yamerudi. Kazi yake ipo, imeandikwa, makala imekubaliwa tangu zamani. Yule daktari kijana sasa ni mkuu wa idara, atampokea kwa mikono miwili. Nitamsaidia maombi, nitampeleka mwenyewe.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuacha kuchambua.

"Nilikwenda," akasema.

"Ulikwenda wapi?"

"Huko chuo. Nilisikia redioni, nikavaa, nikaenda."

"Wakasemaje?"

"Pale dirisha la kuandikisha kuna binti, mzuri, ana adabu. Aliponiona akainuka, akazunguka akaniletea kiti. Akasema shikamoo mama, umekuja kumwandikisha mwanao?" Akachukua bua jingine. "Nikamwambia ndiyo."

"Ungemwambia ni wewe," nikasema. "Angekuandikisha."

"Angeniandikisha. Lakini alishanipa kiti, na watu nyuma yangu kwenye foleni ni watoto watupu, wananitazama. Niliona haya. Nikapokea karatasi zake nikashukuru." Akakusanya mchicha akautia kwenye ungo, akaupapasa ukae sawa. "Akaniuliza, mwanangu anataka kusomea nini."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bado hajaamua."